Nafasi Iliyoongezwa Isiyoonekana: Namna Diski ya Mashine Pepe Inavyokua na Sababu za Kukataa Kwake

Mhadhara kwa wasimamizi wa mifumo ya kompyuta na wanafunzi wa fani hiyo



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila anayesimamia seva hukutana nalo mapema katika kazi yake. Seva imeishiwa nafasi. Hifadhidata imeacha kuandika, foleni imeanza kwenye kaunta, na simu hazikatiki. Msimamizi anaizima mashine pepe, anaiongezea diski kutoka gigabaiti 40 hadi 100, anaiwasha. Mfumo unajibu kwamba bado umejaa. Anaongeza hadi 150. Jibu ni lilelile. Hapo ndipo mikono inapoanza kutembea haraka kuliko akili: mmoja anafuta faili asizozijua, mwingine anaiga amri kutoka popote alipoziona, na data ya watu inaingia hatarini kwa tatizo ambalo kwa hakika lilikuwa dogo.

Hoja yangu ni hii. Diski ya mashine pepe si kitu kimoja. Ni matabaka kadhaa, kila moja lina kumbukumbu yake ya ukubwa, na hakuna tabaka linalosahihisha kumbukumbu hiyo kwa sababu tu lililo chini yake limekua. Kwa hiyo kutatua tatizo la nafasi ni kazi ya kuuliza. Uliza kila tabaka lina kiasi gani, kuanzia chini kwenda juu, hadi ufike mahali ambapo takwimu mbili zinaachana. Hapo ndipo penye tatizo, na hapo tu ndipo pa kugusa.

Katika mazungumzo haya nitahesabu gigabaiti kwa kigezo cha 1024, kama zinavyofanya amri nyingi za Linux. Wauza diski huhesabu kwa 1000, ndiyo maana diski inayouzwa kwa jina la gigabaiti 100 huonekana kama 93 hivi ndani ya kompyuta. Tofauti hiyo si hitilafu, wala hakuna amri ya kuiondoa.

1. Diski iliyogeuka kuwa faili

Wazo la kuigawa kompyuta moja iwe nyingi lina umri mkubwa. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM katika kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, waliunda mfumo wa CP-40. Ukafuatwa na CP-67, na mwaka 1972 kampuni ikatangaza VM/370. Kila mtumiaji alipata mashine iliyoonekana kuwa yake peke yake, na ndani yake diski ndogo iliyokatwa kutoka kwenye diski kubwa ya chuma. Diski hiyo ndogo ilikuwa silinda kadhaa zilizofuatana. Aliyehitaji kubwa zaidi kwa kawaida alitafutiwa sehemu nyingine yenye silinda za kutosha, na data yake ikanakiliwa huko.

Teknolojia hiyo iliingia kwenye kompyuta za kawaida baadaye. VMware ilianzishwa mwaka 1998 na kutoa bidhaa yake ya kwanza mwaka 1999. Fabrice Bellard, mwanaprogramu wa Ufaransa, alitoa QEMU mwaka 2003. Mwaka 2007 VirtualBox ilitolewa kwa umma, na mwaka huohuo KVM ikaingizwa katika kerneli ya Linux. Katika mifumo hii, diski ya mashine pepe mara nyingi ni faili tu iliyokaa kwenye kompyuta mwenyeji: VMDK kwa VMware, VDI kwa VirtualBox, qcow2 kwa QEMU, VHDX kwa Hyper-V.

Faili hukuzwa kwa amri moja na kwa muda mfupi sana. Urahisi huo ndio unaotupotosha. Tunaongeza faili kwa sekunde moja, kisha tunadhani tumeongeza nafasi. Tulichoongeza ni tabaka moja tu la chini.

2. Matabaka na kumbukumbu zake

Tuyataje kwa mpangilio, kuanzia chini.

La kwanza ni hifadhi ya kompyuta mwenyeji: diski za chuma au za elektroniki zilizomo ndani ya seva yenyewe. La pili ni faili ya diski pepe, ambayo ndani yake imeandikwa ukubwa ambao mashine mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, itaoneshwa. La tatu ni kifaa kama kinavyoonekana ndani ya mgeni, kwa mfano vda au sda katika Linux, au Disk 0 katika Windows. La nne ni jedwali la patisheni, linalosema kila patisheni inaanzia sekta gani na kuishia sekta gani. La tano, kwa mifumo mingi ya Linux, ni LVM, yaani kisimamizi cha volyumu: volyumu halisi, kundi la volyumu, na volyumu za kimantiki zilizokatwa ndani yake. La sita ni mfumo wa faili, kama ext4, XFS au NTFS, ambao ndio unaopokea barua zetu, picha zetu na hifadhidata zetu.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uhusiano wao. Mtu ana shamba la ekari mbili, akaongezewa ekari tatu za jirani. Udongo upo, lakini hati bado inasoma ekari mbili, ua umezungushwa ekari mbili, na mbegu zimepandwa ndani ya ua. Hatavuna katika ekari tano mpaka hati isahihishwe, ua usogezwe, kisha jembe lifike huko. Na mpangilio haubadiliki: huwezi kusogeza ua hadi mahali ambapo hati haifiki.

Programu ya kawaida huzungumza na tabaka la sita peke yake. Ikiambiwa hakuna nafasi, inamaanisha mfumo wa faili hauna nafasi. Haijui kama chini yake kuna gigabaiti 60 zilizolala bila kazi.

3. Seva moja, kutoka chini hadi juu

Tuchukue mashine pepe ya Ubuntu Server inayoendeshwa na KVM, iliyopewa diski ya gigabaiti 40, na iliyowekwa kwa chaguo la kawaida la LVM. Nimeichagua kwa sababu ina funzo lililojificha tangu siku ya kwanza.

Ukiendesha lsblk ndani yake, utaona vda yenye gigabaiti 40. Chini yake ipo patisheni ndogo ya kuanzishia mfumo, kisha patisheni ya gigabaiti 2 kwa ajili ya kerneli, kisha vda3 yenye 38. Ndani ya vda3 ipo volyumu ya kimantiki, na hiyo ina gigabaiti 19 tu. Amri ya df itakuambia mfumo wa faili una pungufu kidogo ya hapo. Nusu ya nafasi haipo!

Haikupotea. Kisakinishi cha Ubuntu Server, kikikuta diski ya ukubwa wa kati namna hii, huipa volyumu ya mfumo nusu tu ya kundi na kuacha nusu nyingine huru, ili msimamizi aamue mwenyewe aitumie vipi: kuikuza volyumu ile, kuunda nyingine, au kuchukulia snapushoti, yaani picha ya hali ya diski kwa wakati fulani. Ni uamuzi wenye busara, lakini usipoujua utaamini seva imejaa wakati nusu yake haijaguswa. Amri ya vgs hukuonyesha nafasi hiyo huru kwa mstari mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuongeza chochote ni hili: je, nafasi ninayoitafuta ninayo tayari?

Tuseme tumeuliza, tukatumia zile 19, na bado tunahitaji zaidi. Sasa tunakuza diski hadi gigabaiti 100. Mashine ikiwa imezimwa, tunatumia qemu-img resize kwenye faili yake. Ikiwa inafanya kazi, tunatumia virsh blockresize, na haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, humjulisha mgeni kwamba kifaa chake kimekua. Katika VMware yenye diski ya aina ya SCSI, mgeni wa Linux anaweza kuendelea kuona ukubwa wa zamani mpaka aambiwe akikague kifaa upya. Hilo hufanyika kwa kuandika 1 kwenye faili iitwayo rescan iliyo chini ya saraka ya kifaa hicho katika /sys, au kwa kuiwasha mashine upya.

Tunauliza tena kwa lsblk. Kifaa vda sasa kinasema 100, na vda3 bado inasema 38. Takwimu zimeachana kati ya tabaka la tatu na la nne. Tunajua basi kwamba kazi iliyobaki inaanzia kwenye jedwali la patisheni.

Amri ya growpart, ikipewa jina la diski na namba ya patisheni vikitenganishwa kwa nafasi, husogeza mwisho wa vda3 hadi mwisho wa diski. Mwanzo wake haubadiliki hata sekta moja, na hilo ndilo linaloifanya hatua hii kuwa salama. Anayefanya kwa mkono, kwa kufuta patisheni na kuiunda upya kwa fdisk, lazima aianzishe kwenye sekta ileile ya awali. Akikosea sekta hiyo, mfumo wa faili hauonekani tena.

Jedwali la aina ya GPT lina jambo lake la pekee. Huweka nakala yake ya pili kwenye sekta za mwisho za diski. Diski ikikua, nakala ile hujikuta katikati, na zana kama parted hutoa onyo na kuomba ruhusa ya kurekebisha. Wengi huogopa onyo hilo wakidhani diski imeharibika. Halina hatari. Kubali marekebisho, nakala ihamishiwe mwisho mpya.

Baada ya hapo pvresize huijulisha LVM kwamba volyumu halisi imekua, na vgs itaonyesha nafasi huru mpya ya kundi. Kisha lvextend huikuza volyumu ya kimantiki. Mwisho, resize2fs huukuza mfumo wa faili wa ext4 ukiwa unaendelea kutumika, bila kumtoa mtumiaji hata mmoja. Kama mfumo ni XFS, amri ni xfs_growfs, nayo hupewa saraka ambako mfumo umeunganishwa. Ukiongeza alama -r kwenye lvextend, hatua hizi mbili za mwisho hufanyika pamoja.

Df sasa inaonyesha karibu gigabaiti 96. Sehemu ya tofauti imechukuliwa na patisheni za mwanzo, na nyingine na majedwali ya mfumo wa faili wenyewe. Kila gigabaiti ina maelezo yake, na msimamizi anayeweza kuyatoa anastahili kukabidhiwa seva.

4. Vizuizi vya njiani

Safari ikienda hivyo, tunashukuru. Lakini mada yetu ni mipaka, na mipaka ipo mingi. Nitataja ile inayowasumbua watu zaidi.

Wa kwanza ni snapushoti. Mashine ikiwa na snapushoti, diski yake si faili moja tena. Ni mnyororo: faili ya msingi iliyofungwa isiandikwe, na faili ya tofauti inayobeba mabadiliko yote tangu siku ile. Ukubwa wa diski umeandikwa katika kila kiungo cha mnyororo. Ndiyo maana VMware hukataa kabisa kukuza diski yenye snapushoti. Katika VirtualBox, ukiikuza faili ya msingi bila kuigusa ile inayotumika sasa, mashine itaendelea kuona ukubwa wa zamani. Tiba ni kuziunganisha snapushoti kwanza, kisha kukuza. Na hili tuliseme kwa uwazi: snapushoti si bakapu. Inategemea faili ya msingi iliyo kwenye diski ileile, hivyo diski ikifa vinakufa pamoja. VMware wenyewe wameshauri snapushoti isikae zaidi ya saa 72, kwa kuwa faili ya tofauti huendelea kunenepa kadiri mashine inavyoandika.

Wa pili ni jirani aliyeziba njia. Patisheni hukua kuelekea mwisho wa diski tu, na nafasi mpya lazima iwe imegusana nayo. Mashine nyingi za zamani za Debian na Ubuntu ziliwekwa patisheni ya mfumo mwanzoni na ya swopu, yaani akiba ya kumbukumbu kwenye diski, mwishoni. Diski ikikua, nafasi mpya inakaa baada ya swopu, na patisheni ya mfumo haiwezi kuivuka. Hapo tunaizima swopu kwa swapoff, tunaifuta patisheni yake, tunaikuza ile ya mfumo, kisha tunaunda swopu mpya kama faili. Tusisahau kuirekebisha /etc/fstab, vinginevyo mashine itakawia kuwaka ikisubiri kifaa ambacho hakipo tena.

Katika Windows jirani huyo ni patisheni ya uokoaji iliyokaa nyuma ya C. Msimamizi anafungua dirisha la usimamizi wa diski, anaiona nafasi mpya kwa macho yake, lakini kitufe cha kupanua kimefifia na hakibonyezeki. Njia ya uangalifu ni kuendesha reagentc /disable, ambayo huirudisha taswira ya uokoaji ndani ya C, kisha kuifuta patisheni ile kwa diskpart, kuipanua C huku ukiacha nafasi kidogo mwishoni, kuunda patisheni ya uokoaji upya, na kumalizia na reagentc /enable. Anayeifuta bila hatua ya kwanza anajinyima njia ya kuiokoa mashine siku itakaposhindwa kuwaka.

Wa tatu ni mpaka wa hesabu. Jedwali la patisheni la MBR, lililoingia pamoja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, huandika namba za sekta kwa biti 32. Sekta moja ikiwa na baiti 512, kiwango cha juu kinakuwa terabaiti 2. Unaweza kuikuza diski pepe hadi terabaiti 4, na MBR itaendelea kuona 2 tu. Hakuna amri ya kukuza itakayosaidia, mpaka ubadilishe jedwali liwe GPT. Kadhalika ext4 iliyoundwa bila kipengele cha biti 64 huishia terabaiti 16, kwa sababu inahesabu bloku za kilobaiti 4 kwa namba za biti 32. Na faili za VMDK katika vSphere zilikomea takriban terabaiti 2 hadi toleo la 5.5 la mwaka 2013 lilipoufikisha mpaka kwenye 62.

Wa nne ni mfumo wa faili wa mwenyeji. Watu wengi huhifadhi mashine zao za mazoezi kwenye diski za nje, na diski hizo zikiwa za FAT32 haziwezi kubeba faili moja inayofikia gigabaiti 4. Mwanafunzi anakuta mashine yake inasimama kila inapokaribia ukubwa huo, na diski ya nje ina mamia ya gigabaiti huru. Nafasi ipo, ruhusa ya faili kubwa haipo. Ihamishie kwenye exFAT, NTFS au ext4.

Wa tano unakera kuliko yote: zana za kukuza zinahitaji nafasi ili zifanye kazi. Growpart huunda saraka ya muda ndani ya /tmp. Mfumo ukiwa umejaa hadi baiti ya mwisho, hata hilo haliwezekani, na amri inashindwa kwa kosa lilelile ulilokuja kulitibu. Suluhisho ni kuiweka /tmp kwenye kumbukumbu kwa muda, kwa kuunganisha tmpfs ya megabaiti chache, kisha kuendelea. LVM nayo huandika nakala ya taarifa zake chini ya /etc/lvm, na inaweza kukwama vivyo hivyo. Futa logi za zamani kwanza, au iambie kwa alama ya -A n isiandike nakala hiyo kwa mara hii.

5. Diski inayosema imejaa na haijajaa

Yapo matatizo ambayo kukuza diski hakuyatibu. Aliyekimbilia kukuza hapa ameahirisha tu.

Mosi, ainodi. Kila faili katika ext4 huhitaji ainodi moja, yaani rekodi inayobeba taarifa zake, na idadi ya ainodi hupangwa siku mfumo wa faili unapoundwa: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Mfumo wa gigabaiti 100 hupata takriban ainodi milioni 6.5. Seva ya barua pepe, au programu inayotupa faili ndogo za muda bila kuzifagia, inaweza kuzimaliza ainodi zote na gigabaiti 40 zikabaki tupu. Kosa linalotoka ni lilelile la kukosa nafasi. Amri ya df -i huonyesha ukweli. Kukuza huongeza ainodi kwa uwiano uleule, kwa hiyo kama chanzo hakijazibwa, utarudi palepale.

Pili, faili iliyofutwa ambayo bado imeshikiliwa. Mtu anafuta logi ya gigabaiti 20, na df haisogei. Katika Linux, kufuta ni kuondoa jina. Bloku hazirudi mpaka programu ya mwisho iliyoifungua faili ile iiachie. Amri ya lsof +L1 huorodhesha faili za namna hiyo pamoja na programu zinazozishika. Iwashe programu hiyo upya, nafasi itarudi yote.

Tatu, faili zilizofunikwa. Diski ya bakapu ilikuwa haijaunganishwa usiku mmoja, programu ikaandika nakala kwenye saraka tupu ya diski kuu. Asubuhi diski ya bakapu ikaunganishwa juu ya saraka hiyo, na zile nakala hazionekani tena ingawa zinakula nafasi. Hapo du na df hutofautiana kwa kiasi kikubwa. Ukiunganisha mfumo mkuu mahali pengine kwa mount --bind, utaona kilichofichika.

Nne, akiba. Ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwenye gigabaiti 100 hiyo ni 5. Akiba hii inamwezesha msimamizi kuingia na kufanya kazi hata watumiaji wengine wanapokwama. Kwenye volyumu kubwa ya data tupu unaweza kuipunguza kwa tune2fs -m. Kwenye volyumu ya mfumo, nawasihi muiache.

6. Ahadi ya mwenyeji

Sasa turudi tabaka la kwanza, ambalo wengi hulisahau.

Faili ya qcow2 au VDI inayokua taratibu haichukui gigabaiti 100 siku unapoiambia iwe na 100. Inachukua kile kilichoandikwa. Amri ya qemu-img info hutoa takwimu mbili: ukubwa pepe, ambao mgeni anauona, na ukubwa halisi, ambao mwenyeji anaulipa. Katikati ya takwimu hizo mbili kuna ahadi. Mwenyeji mwenye terabaiti 1 anaweza kuwa na mashine kumi, kila moja ikiwa imeahidiwa gigabaiti 200. Jumla ni karibu terabaiti 2 alizoziahidi, naye hana. Kila siku ambayo wageni hawajadai, mambo ni shwari.

Siku wakidai, hali huwa mbaya kuliko diski moja kujaa. Kwa mpangilio wa kawaida, QEMU huisimamisha mashine inayoshindwa kuandika kwa kukosa nafasi upande wa mwenyeji. Ndani ya mgeni, df inasema nafasi ipo tele. Nje, mashine imeganda, na wenzake wanaotumia hifadhi ileile wanagonga ukuta mmoja baada ya mwingine. Msimamizi anayeangalia ndani ya mgeni pekee hataona sababu kamwe, kwa maana sababu haiko humo.

Ukumbuke pia kwamba ukubwa halisi wa faili hupanda kirahisi na haushuki wenyewe. Ukifuta gigabaiti 30 ndani ya mgeni, faili ya mwenyeji inabaki ilivyo, kwa sababu mwenyeji hajaambiwa bloku zipi hazina kazi. Ili ajue, diski pepe ipewe chaguo la discard, kisha mgeni aendeshe fstrim mara kwa mara. Kwa VDI, njia ya zamani ni kuijaza nafasi huru kwa sifuri na kuifinya faili kwa amri ya VBoxManage.

Kuahidi zaidi ya ulichonacho si kosa katika fani yetu. Ndivyo hifadhi inavyotumika vizuri badala ya kukaa bure. Kosa ni kuahidi bila kuhesabu. Kabla ya kuongeza gigabaiti 60 kwa mashine moja, jumlisha ahadi zote za mwenyeji, linganisha na alichonacho, na uandike lini utanunua diski nyingine.

7. Kurudi nyuma ni njia nyingine

Kukuza huenda kutoka chini kwenda juu. Kupunguza huenda kutoka juu kwenda chini, na hapo kosa halisamehewi. Mfumo wa faili lazima upungue kwanza, kisha volyumu, kisha patisheni, na faili ya diski mwisho. Anayeipunguza volyumu kabla ya mfumo wa faili amekata mkia wa data na kuutupa. Ext4 hupunguzwa ikiwa imetenganishwa, si ikiwa kazini. XFS, iliyoundwa na Silicon Graphics mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya faili kubwa, kwa kawaida hukua tu. Anayetaka ipungue huchukua bakapu, huunda mfumo mpya mdogo, na kurejesha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kukuza kwa vipimo vidogo. Kuongeza gigabaiti 20 leo na 20 nyingine baada ya miezi mitatu ni kazi ya dakika chache kila mara. Kuongeza 500 kwa pupa na kutaka 300 zirudi ni kazi ya usiku mzima yenye hatari.

8. Wajibu wetu

Ndugu zangu, nimetumia muda mrefu kwenye amri, na nina sababu. Nyuma ya kila seva iliyojaa kuna mtu anayesubiri. Muuguzi hawezi kufungua faili la mgonjwa. Mwanafunzi amelipa ada, na risiti haitoki. Mkulima anataka kujua kama malipo ya chama chake yameingia. Hao hawajui patisheni ni nini wala hawana haja ya kujua. Wametuachia sisi kujua.

Basi tuwe na taratibu. Tuweke tahadhari ya kutuarifu diski inapofika asilimia 80, kwenye mgeni na kwenye mwenyeji, pamoja na ainodi. Tuzitenge logi na data kwenye volyumu zao, ili logi iliyochachamaa isiuangushe mfumo mzima. Tuache sehemu ya kundi la volyumu ikiwa huru, kwa kuwa ndiyo itakayotuokoa saa nane za usiku. Kabla ya kugusa jedwali la patisheni, tuwe na bakapu iliyokaa nje ya mwenyeji huyo, na tuwe tumeshajaribu kuirejesha. Mahali ambapo umeme hukatika, tuhakikishe betri ya akiba ina uwezo wa kutosha kabla ya kuanza kuunganisha snapushoti, maana shughuli hiyo inaweza kuchukua saa nyingi.

Na tuandike. Kila seva iwe na ukurasa mmoja unaoonyesha matabaka yake: faili gani, ukubwa gani, patisheni zipi kwa mpangilio upi, LVM ipo au haipo, mfumo wa faili ni upi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ukurasa huo unamruhusu kijana wa zamu kuuliza hata kama sisi hatupo, akapata jibu.

Wanafunzi mlio hapa, undeni mashine pepe leo, yenye diski ya gigabaiti 10. Ijazeni makusudi mpaka igome. Kisha ikuzeni tabaka kwa tabaka, mkiandika takwimu ya kila tabaka kabla na baada ya kila amri. Ikiharibika, undeni nyingine. Mkifika kazini, nanyi mmeshaona kila kosa likiwa bado halina mwathirika, mtakuwa na utulivu ambao wenye seva iliyosimama wanauhitaji kutoka kwenu kuliko kitu kingine chochote.